Kazi yangu ni kuomba

Kuna bibi mmoja tulikaa naye meza moja kwenye harusi akaniuliza mwanangu unafanya kazi gani, nikamwambia nipo kwenye ambulansi, akafurahi kweli, akasema "kumbe nyie ndo mnaopita na ving'ora, nyie mnawahi kila sehemu". Nikacheka tu nikaendelea na pilau maana nilijua nikianza kumwelezea pilau yenyewe itapoa.

Kuwahi. Miaka saba nipo nyuma ya hiyo gari hapa Dar na kama kuna kitu nafanya kutwa nzima ni kuomba. Naomba njia, naomba mtu anioneshe nyumba, naomba vijana wanisaidie kubeba, naomba ndugu wapishe mlangoni hewa iingie, naomba kitanda, afu kitanda kikipatikana naomba nirudishiwe machela yangu. Nikirudi nyumbani asubuhi mke wangu akianza "naomba ukitoka upitie..." namwangalia tu.

Ngoja niwape ya juzi. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mtu asijione humu, ila ilivyokwenda ndo hivi.

Tuliingia zamu saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kitu chochote unakagua gari, mitungi ya oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi, boksi la dawa, mita ya sukari, glavu, mashuka. Nikafungua geji ya mtungi mkubwa, mshale umelala. Zamu ya mchana walirudi wamechoka, mwenye funguo za stoo alishaondoka, basi gari imeachwa hivyo hivyo na karatasi ya ukaguzi imewekwa tiki kote. Sikuwalaumu sana maana hata mi nishawahi kuweka tiki ambayo sijaiangalia vizuri, tusidanganyane. Tukabaki na mtungi mdogo, ule wa kubeba mkononi, huo ukijaa una lita kama 680. Unaonekana nyingi, lakini mgonjwa anayetaka lita 10 kwa dakika anaumaliza ndani ya saa moja na dakika nane, hesabu ya darasa la nne hiyo. Nikamwambia suka, dereva wangu, leo tuombe Mungu isije kesi ya kifua. Suka akanijibu "ushaharibu".

Suka wangu ni mtu mzima, zamani alikuwa anaendesha daladala za Mbagala, mtu wa maneno machache ila mitaa anaijua kuliko ramani ya simu. Tuliagiza zege, yaani chipsi mayai, kachumbari nyingi, pilipili pembeni. Saa mbili kasoro dakika kumi mfuko ndo unafika na simu ndo inaita. Dada wa simu anasema mzee, miaka sitini na kitu, hapumui vizuri, Mbagala ndani ndani kule. Suka akaniangalia bila kusema kitu, akafunga mfuko wa zege akauweka kwenye dashibodi tukatoka.

Barabara ya Kilwa saa mbili usiku unaijua. Watu wote waliotoka Kariakoo na Posta wanarudi Mbagala na sisi tunaenda Mbagala, king'ora kinalia, taa zinazunguka, na mbele yako ni ukuta wa taa nyekundu za breki. Watu wanaogoma kupisha makusudi wapo ila sio wengi kama mnavyofikiria, tatizo kubwa ni kwamba mtu akisikia king'ora akili inaruka, huyu anakwenda kulia, yule kushoto, mwingine anafunga breki hapo hapo katikati kama kaambiwa nyoosha mikono. Sogea kushoto taratibu basi, hicho tu, hatuhitaji ulale mtaroni. Afu ukishatupisha usituunge mkia! Maana ikifunguka nafasi kidogo nyuma yetu wanajipanga bodaboda kumi na Noah mbili, tunafungua njia wao wanakula matunda, siku suka akipiga breki ya ghafla watakuja kuingia mlango wa nyuma na wao tuwabebe. Suka huwa anasema tungekuwa tunawatoza nauli hao tungeshanunua mtungi mkubwa mwingine.

Nikachukua kipaza sauti, Noah nyeusi naomba utupishe, Noah nyeusi naomba upande kushoto. Jamaa akashusha kioo, akachungulia ndani ya gari yetu kutokea pembeni, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "mgonjwa yuko wapi hapo, mnawahi chipsi nyie!" Na kweli mfuko wa zege ulikuwa unaonekana kabisa pale mbele, umetoa na mvuke kwenye kioo. Nimejibu watu wengi barabarani ila yule sikuwa na la kumjibu. Hii ya kwamba gari haina mgonjwa kwa hiyo haina haraka ni ugonjwa wa mji mzima, watu hawafikirii kwamba mgonjwa ndo tunamfuata, ukiona ambulansi tupu inakimbia ujue kuna mtu sehemu fulani yuko peke yake na ndugu zake wanaompepea na gazeti.

Tulifika eneo saa mbili na nusu hivi. Nasema eneo, sio nyumba. Nyumba ni habari nyingine kabisa.

Mwaka 2022, ule wa sensa, si tulibandikiwa namba za nyumba, mitaa ikapewa majina na vibao vikasimamishwa? Kazi nzuri na mi naipenda sana, kwenye mitaa iliyopangika inanisaidia. Lakini muulize mtu mwenye mgonjwa namba ya nyumba yake uone, hajui, hajawahi kuiangalia, ipo pale mlangoni juu ya kichwa chake kila siku. Atakwambia njoo mpaka kwa muuza mkaa, pita msikiti mdogo, sio ule mkubwa, ukiona mwembe uliokatwa uliza kwa mama nanihii. Mwembe uliokatwa! Usiku! Nautafuta mti ambao haupo.

Na juzi aliyepiga simu hakuwepo hata Dar. Alikuwa Mwanza. Dada yake aliyekuwa na mzee kampigia yeye, yeye kapiga huku, afu simu ya dada imeisha chaji, kwa hiyo tunamuuliza mtu wa Mwanza njia za Mbagala, na yeye mara ya mwisho kuja ni msiba wa miaka minne iliyopita. Tumezunguka kama dakika kumi na tano. Suka akazima king'ora, akasimama kwenye kijiwe cha vijana wanaocheza drafti, akawaambia kwa upole "wanangu, kuna mzee kazidiwa mtaa huu, naombeni msaada". Watatu wakainuka bila kuuliza kitu, mmoja akaniambia "ni baba mkubwa wa kwa fundi viti, tumesikia watu wanalia". Jamani vijana wa kijiweni msiwaseme vibaya mbele yangu. Wale ndo kitengo cha uokoaji cha hii nchi na hawalipwi hata mia.

Kilichofuata ni uchochoro. Machela yetu ina magurudumu mazuri tu, ila uchochoro wenyewe mabega yangu mawili yanagusa ukuta huku na huku, chini kuna mfereji wa maji machafu umefunikwa na mbao, machela tukaiacha barabarani na suka. Mi nikaingia na mtungi begani na begi mkononi.

Ndani watu kama ishirini, feni moja. Mzee kalazwa chali kwenye godoro chini, mama mmoja anampaka mafuta kifuani, mwingine kashika kikombe cha maziwa anataka kumnywesha. Nikaomba mto, mito, chochote, nikamkalisha. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia "shikamoo mzee".

Hapa niwaambie siri ya kazi. Kipimo changu cha kwanza sio kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu wala mashine ya presha, ni shikamoo. Mtu mzima wa Kiswahili hata awe anakufa atataka kuitikia, ni kitu kiko ndani ya damu. Akiitikia marahaba moja kwa moja na kuuliza hujambo, kifua kina nafasi, tuna muda wa kuongea. Akisema mara, akavuta pumzi, haba, hapo nakimbia. Yule mzee alisema "ma". Basi. Macho yakaniomba radhi kwamba ameshindwa kuitikia salamu.

Kidude cha kidoleni kikasoma 71. Mtu mzima kawaida yuko juu ya 94. Miguu imevimba, nikabonyeza kwa kidole gumba shimo likabaki pale pale kama umebonyeza unga wa chapati. Nikauliza dawa, yule dada wa simu iliyoisha chaji akaleta mfuko wa nailoni, vidonge vya presha vipo, vya moyo vipo, vya kukojoza boksi tupu, vimeisha wiki mbili "na alikuwa anaendelea vizuri tukasema tusubiri mwisho wa mwezi". Nikamwekea maski, nikafungua oksijeni lita 10, nikaangalia saa. Saa mbili na dakika hamsini. Kuanzia hapo kichwani kwangu kuna saa nyingine inatembea, ya saa moja na dakika nane.

Nikapima na sukari. Sukari siachi, hata mtu awe kaumia kidole napima. Hii tabia ilianza kipindi nipo mgeni kabisa kwenye gari, tuliitwa kwa baba mmoja inasemekana kapandisha majini. Tumefika kweli baba anatukana watu, anatoa maneno hayaeleweki, jasho linamtoka kama kamwagiwa ndoo, wameshamfukizia ubani chumba chote huoni mtu. Watu wawili wanasoma dua kwa sauti kubwa. Mi nilikuwa nishaanza kuamini, nisiwe muongo. Mwenzangu mkubwa, nesi wa siku nyingi, akasema pima sukari, 1.6. Sukari ya mtu mzima ikishuka chini ya nne tu tayari unaanza kumwangalia kwa jicho lingine, huyu 1.6, na kwenye friji ndogo kumbe kuna insulini, kachoma asubuhi afu hajala. Tukampata mshipa kwa tabu watu wanne wamemshika, tukamsukumia dextrose. Dakika tatu nne hivi baba akatulia, akakaa, akatuangalia mmoja mmoja kwa utulivu kabisa afu akasema "nyie mbona mmeingia na viatu kwenye mkeka?" Chumba kizima kikalia. Waliokuwa wanasoma wakasema majini yametoka, mi sikubishana na mtu, nikaomba tu apikiwe uji ale muda huo huo maana ile sukari ya mshipani haikai sana.

Mzee wa juzi sukari yake ilikuwa sawa. Sa tatizo ni kumtoa. Ukimlaza anakufa, kirahisi hivyo, mapafu yana maji, akilala maji yanapanda. Shuka ya kubebea nayo inamlaza. Nikauliza kuna kiti? Kijana mmoja wa drafti akatoka mbio akarudi na kiti cha plastiki cha kijiweni, cheupe kilichogeuka rangi ya chai, mguu mmoja umeshonwa na waya. Tukamkalisha mzee, tukamfunga kifuani na kanga ya yule dada asidondoke mbele, vijana wawili mbele wawili nyuma, mi pembeni na mtungi natembea kiubavu kama kaa. Kila hatua naomba, taratibu, naomba, inua mbele, naomba, mguu wa waya usiguse ukuta. Bibi mmoja anatembea nyuma yetu anasema innalillahi kwa sauti, nikamwambia bibi naomba hiyo usiseme bado, mzee anakusikia. Akanyamaza.

Barabarani tukamhamishia kwenye machela tumeinua mgongo wima kabisa. Yule dada akapanda, na kile kiti akakitupia ndani ya gari. Nikamwambia dada kiti cha watu, akasema "kaka huko hospitali kuna viti vya sisi kukaa?" Kwa hoja hiyo sikuwa na jibu, mlango ukafungwa.

Kurudi mjini njia ilikuwa afadhali, wenzetu wote walishafika kwao. Nilimpigia dokta wetu wa zamu akaniruhusu nimpe dawa ya kukojoza ya mshipani, nikatoboa mshipa gari inaruka matuta, kitu ambacho hakuna chuo kilinifundisha. Na vyuo vyenyewe tusivilaumu. Hii fani hapa kwetu ni changa mno, idara ya kwanza ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili 2010, juzi tu, kabla ya hapo ulikuwa ukifika unaingia na foleni kama mwenye kikohozi. Wengi tuliopo kwenye magari ni manesi au maafisa tabibu tuliotupwa humu, ufundi wa kufanya kazi mmesimama huku mnayumba kama ndani ya daladala tumefundishana wenyewe.

Saa tatu na dakika ishirini na tano tupo hospitali. Sitaitaja, na wala isingekuwa na maana kuitaja maana nishaona hali ile ile sehemu nyingi. Mzee kidudeni anasoma 88, geji ya mtungi iko chini kidogo ya nusu. Tukasukuma machela mpaka mlangoni kwenye chumba cha dharura, kimejaa. Vitanda vyote vina watu, machela za kwao zina watu, mwingine kakaa kwenye benchi na dripu imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha. Nesi aliyepo ni mmoja, binti mdogo, kanyoosha mkono kunionesha ukutani, subiri pale. Akauliza mlipiga simu kabla ya kuja? Nikasema tulipiga, haikupokelewa. Akasema "ningepokea kwa mkono upi kaka yangu". Nikamwangalia mikono yake, mmoja umeshika mfuko wa damu juu, mwingine unabonyeza kidonda cha mtu. Nikaomba radhi mimi.

Basi tukasimama. Hii ndo sehemu ambayo haionekani barabarani. Mi na mzee na yule dada, kiti cha plastiki hatukukishusha, tumesimama kwenye korido, king'ora kimezimwa, na oksijeni inakwenda ppsss, lita 10 kwa dakika. Nikashusha hadi sita nione, 88 ikawa 84, mzee akaanza kuvuta shingo, nikarudisha kumi. Saa tatu na dakika arobaini mshale umeingia kwenye nyekundu. Oksijeni ya ukutani ipo, ina matundu mawili na yote yana watu. Nikaenda kwa yule binti nikamwambia dada nina dakika kumi na mbili, sio kumi na tano, kumi na mbili. Hakunijibu, akageuka akamwita mhudumu, "huyu wa kona anapanda wodini sasa hivi, asisubiri faili, faili litamfuata". Saa tatu na dakika hamsini tukachomeka mpira ukutani, mtungi wangu ulikuwa unatoa pumzi ya mwisho. Nikaegemea ukuta, shati limelowa utadhani nimevuka mto.

Sa mnadhani nimemaliza? Mzee ana oksijeni, dokta kamwona, dawa inafanya kazi, mkojo unatoka. Ila kalala juu ya nini? Machela yangu.

Machela yetu tumeiandika namba kwa rangi ya kucha nyekundu maana mara mbili tumewahi kuondoka na ya watu na wao na ya kwetu, na gurudumu lake la mbele kushoto linalia kama paka. Bila hiyo machela gari yetu ni Hiace yenye taa. Saa nne na robo dada wa simu anapiga, kuna ajali barabara ya Mandela, bodaboda na lori, mko tayari? Gari ipo, mafuta yapo, suka yupo, mi nipo, nikasema hatuna machela. Akanyamaza kidogo. Akasema "sawa, natafuta gari nyingine", ya karibu ilikuwa huko Kigamboni. Niliirudisha simu mfukoni nikabaki naangalia lile gurudumu. Watu wakisema ambulansi zimechelewa huwa wanapiga picha ya gari imekwama kwenye foleni, hakuna anayepiga picha ya machela imesimama ukutani kwa karibu masaa matatu.

Wa kwenye ajali sikujua yuko wapi mpaka akaja mwenyewe, saa tano kasoro, hakuja na ambulansi yoyote. Kaletwa na wenzake kwenye bajaji, kakunjwa kama shati, paja limevunjika limegeuka upande ambao paja haligeuki. Nikauliza imekuwaje mchukue muda hivi kutoka Mandela, kijana mmoja akanionesha karatasi kwa fahari kabisa, walianza kupita kituoni kuchukua PF3. Jamani. Kwa majeruhi anayetoka damu hospitali kwanza, hiyo fomu ya polisi inafuatia nyuma, atakwenda ndugu mmoja na miguu yake mizima. Ila siwezi kuwagombeza maana wamewahi kuona mwenzao anarudishwa mlangoni kwa kukosa hiyo karatasi, mtu akishaungua mdomo na uji atapuliza hata maji. Nikawasaidia kumtoa, mmoja anamvuta mikono mwingine anataka kumkalisha, naombeni msimkunje, naombeni ubao, shika hapa, vuta mguu unyooke, usiachie. Alilia mpaka akanyamaza. Mapigo ya chini ya mguu yalikuwepo. Nikawapa wenyewe, mi sikuwa hata mtumishi wa pale.

Suka muda wote huo yuko nje kwenye gari, anafuta. Hicho kitu nacho hakuna anayekuuliza harusini, nani anasafisha. Sisi. Maji, sabuni, jiki, ndoo. Siku ya damu unasugua mpaka kwenye reli za machela kwa mswaki, na harufu ya jiki inakaa kwenye vidole mpaka unakula nayo ugali siku ya pili. Mke wangu anasema ananijua nimerudi kabla sijafungua mlango.

Kitanda kilipatikana saa sita na dakika kumi. Yule binti nesi alikuja mwenyewe kuniita, "kaka wa machela, njoo", jina langu hajui na mi lake sijui na tumeonana pale zaidi ya mara mia. Tukashika shuka pande nne, moja, mbili, tatu, mzee akahamia kitandani. Nikaifuta machela, nikakagua mikanda yote ipo, safari hii ipo. Kidudeni mzee anasoma 95 na maski ndogo tu ya puani, kakaa ameegemea mito, kope nzito za usingizi.

Nikasogea nikamwambia mzee sisi tunaondoka, shikamoo.

"Marahaba," akasema. Akavuta pumzi moja, ya kawaida. "Hicho kiti cha watu mmekirudisha?"

Nikatoka nje nasukuma machela inalia kwenye korido yote. Kiti kilikuwa bado kwetu, kimewekwa kwenye lami nyuma ya gari, suka kakikalia kiupande akwepe ule mguu wa waya, kashika mfuko wa zege lililoganda. Alikuwa amenibakishia nusu, na pilipili yote.